Dari Haibebwi kwa Kichwa

Bodi ya jipsamu yenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na unene wa milimita 12.5 ina uzito wa kilo 25 hivi, na nyingine hupita hapo. Kwa mtu aliyezoea kujitwika gunia la unga wa muhogo, huo si mzigo wa kutisha. Lakini gunia hukaa begani na mwenye nalo anatembea. Bodi ya dari humkalia fundi kichwani akiwa amesimama juu ya meza, mikono imenyooka, shingo imejikunja, huku mwenzake akipapasa msumari mfukoni. Punde mikono inaanza kutetemeka, bodi nayo inatetemeka, na msumari unaopigwa wakati huo unachana karatasi ya bodi badala ya kuikaza.

Luena ni mji uliozaliwa na makaa ya mawe, kwenye reli inayotoka Lubumbashi kupitia Bukama kwenda Kamina. Jipsamu, tripleksi na mbao za plastiki za dari haziundwi hapa. Huja kwa treni, au kwa lori zinazopita barabara ambazo mvua huziharibu kuanzia Oktoba hadi Aprili. Bodi ikivunjika Jumatatu, usitegemee kupata nyingine Jumanne. Ndiyo maana ninalichukulia kwa uzito mkubwa jambo ambalo wajenzi wengi hulipuuza: nini kitaishika bodi juu katika zile dakika chache kabla haijakazwa. Hakuna kazi katika ujenzi wa nyumba ambapo kifaa cha bei ndogo huokoa mali nyingi kiasi hiki.

Tuanze na sababu ya bodi kuvunjika, kwa kuwa vifaa vyote vya kazi hii vimebuniwa kutokana na sababu hiyo. Jipsamu ni unga wa jiwe uliogandishwa kati ya karatasi mbili. Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi ya namna hiyo mwaka 1894. Karatasi ndiyo yenye nguvu ya kuvutwa, jiwe la katikati halina. Ukiisimamisha bodi kwa ubavu wake, kama mafundi wanavyoibeba mlangoni, ni ngumu kabisa. Ukiilaza, inalegea. Hesabu ya wahandisi inaonyesha kwamba bodi yenye upana wa milimita 1,200 na unene wa milimita 12, ikisimama kwa ubavu, hupinga kupinda mara 10,000 zaidi ya inapolazwa. Basi hatari kubwa zaidi iko katika ule mgeuko mmoja, pale bodi iliyosimama inapolazwa ili ipelekwe juu. Bodi nyingi hupata ufa wakati huo, na ufa huo mara nyingi hauonekani mpaka rangi imekwisha kupakwa.

Jambo la pili ni mahali pa kushikia. Watu wawili wakishika bodi kwenye ncha zake, tumbo la bodi linaning'inia na katikati ndipo panapoumia. Wakisogea ndani, kila mmoja sentimita 50 kutoka ncha yake, ncha zinazobaki nje huisaidia katikati kwa kuivuta upande wa pili. Nguvu kubwa kabisa ya kuikunja bodi inashuka hadi kiasi cha sehemu moja ya sita ya ile ya mwanzo. Hatua hiyo ya sentimita 50 haina gharama yoyote, na ningependa kila mwanafunzi wa useremala aijue kabla hajashika nyundo.

Sasa kifaa chenyewe, kile ninachokipendekeza kwa karibu kila nyumba ya Luena: nguzo ya T. Ni mbao mbili tu. Mguu mrefu unaweza kuwa sheveroni iliyonyooka isiyo na fundo kubwa. Juu yake unapigilia mbao ya kukingama yenye urefu wa mita 1 hivi, kisha unaweka vipande viwili vya mshazari kati ya mguu na mbao hiyo ili kichwa kisicheze. Kichwa kivishwe gunia kuukuu au kipande cha blanketi kisiikwaruze bodi. Chini ya mguu kigongomelewe kipande cha mpira wa tairi, kwani sakafu ya saruji yenye vumbi huteleza.

Urefu wa mguu ndio siri yote, na ndipo wengi wanapokosea. Chukua chumba ambacho kutoka sakafuni hadi chini ya mbao za kushikia dari ni milimita 2,700. Ondoa unene wa bodi, milimita 12, na unene wa mbao ya kichwa, tuseme milimita 50. Inabaki 2,638. Ukiukata mguu kwa kipimo hicho hasa, T itasimama lakini haitasukuma kitu. Ongeza milimita 15, uwe 2,653. Sasa T ni ndefu kuliko nafasi yake, kwa hiyo haiwezi kusimama wima. Itaegama, na mguu utakaa takriban sentimita 28 nje ya timazi. Ukiusogeza taratibu kwa goti kuelekea timazi, kichwa kinapanda na bodi inabanwa kwenye mbao bila pengo. Ukizidisha zaidi ya hapo, mwegamo unakuwa mkubwa na mguu utakimbia. Ukipunguza mno, pengo linabaki. Milimita 15 zinaonekana ndogo kwenye mita ya fundi, lakini kazi nzima imekaa hapo.

Pale sakafu ilipo ya udongo, au imepanda na kushuka, mwegamo peke yake hautoshi. Hapo ufupishe mguu kidogo, uweke ubao mpana chini yake, kisha ukaze kwa kabari mbili zinazopishana, moja ikigongwa huku na nyingine kule. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa chini ya ardhi, katika nchi nyingi, waliliegemeza paa la mgodi kwa magogo yaliyokazwa kwa kabari namna hiyo hiyo. Mji wenye historia ya makaa ya mawe hauna haja ya kufundishwa thamani ya kabari.

Kwa bodi ya mita 2.4 tumia T mbili, kila moja sentimita 50 kutoka ncha. Na kabla ya kuinua bodi yoyote, pigilia ukutani fito ya mbao sentimita 3 hivi chini ya mbao za dari. Ubavu mmoja wa bodi utapumzika juu ya fito hiyo, na nyinyi mnabaki kuinua upande mmoja tu. Fito hiyo hung'olewa baadaye, na matundu yake huzibwa au hufichwa na urembo wa pembeni. Kwa fito na T mbili, watu wawili hufanya bila jasho kubwa kazi ambayo bila hivyo inadai wanne. Mtu mmoja peke yake anaweza hata kuweka bodi iliyokatwa nusu, ingawa sitamshauri ajaribu nzima.

Msumari unaongeza ulazima wa T. Kwingineko duniani dari hukazwa kwa skrubu na drili ya betri. Pale umeme wa kuchaji betri usipotegemeka, nyundo inaendelea kutumika, na kila pigo la nyundo huitikisa bodi. Bodi iliyobanwa sawasawa hupokea pigo na kutulia. Bodi iliyoshikwa kwa kichwa cha mtu hushuka kidogo kila pigo, na kichwa cha msumari kinapenya karatasi. Msumari uliopenya karatasi haushiki chochote. Mwenye drili naye asijidanganye kwamba skrubu itaivuta bodi izibe pengo: skrubu ikivuta bodi iliyo mbali na mbao, huchimba na kuvunja jiwe la ndani. Kwanza bodi ibanwe, ndipo ikazwe.

Si kila dari ni jipsamu. Tripleksi ya milimita 4 yenye ukubwa wa mita 1.22 kwa 2.44 ina uzito wa kilo 7 hivi, na mtoto wa shule anaweza kuinyanyua. Shida yake ni ulegevu: inapinda kama mkeka, na ikipigiliwa ikiwa imepinda, dari itakuwa na mawimbi miaka yote. Kwa hiyo kitu chepesi kinahitaji vishikio vingi kuliko kizito. Ningetumia T tatu nyembamba, na msumari wa kwanza ningeupiga katikati, kisha nielekee pembeni, ili tumbo lifukuzwe nje. Mbao za plastiki, ambazo siku hizi zinapendwa kwa sababu hazili rangi na haziogopi maji, ni suala jingine tena. Mbao ya sentimita 25 kwa karibu mita 6 ina kilo 4 tu, lakini urefu wake unaifanya icheze kama fimbo ya kuvulia samaki. Hapo T yenye kichwa kifupi cha sentimita 30 inatosha. Ziwekwe tatu kwa mstari, na ulimi wa kila mbao ukiingia kwenye mfereji wa iliyotangulia, upande mmoja unakuwa umeshikwa tayari.

Ipo pia mashine ya kuinulia bodi. Ni fremu ya chuma yenye miguu mitatu ya magurudumu, mlingoti unaorefuka kwa mabomba yanayoingiana, winchi ya mkono yenye waya, na juu yake kitanda cha kubebea bodi. Uzuri wake mkubwa ni kitanda hicho: kinainama hadi karibu wima, bodi inapakiwa ikiwa imesimama kwa ubavu, kisha kitanda kinageuzwa na bodi inalala ikiwa tayari imeshikwa kila upande. Ule mgeuko wa hatari nilioutaja juu unafanywa na chuma. Mashine za kawaida hubeba hadi kilo 68 na kufika mita 3.4 hivi. Kampuni ya Telpro ya Marekani, yenye mashine yake iitwayo Panellift, ndiyo iliyoeneza umbo hili, na leo linaigwa kila mahali.

Je, fundi wa Luena anunue? Kwa vyumba vya kulala vyenye kimo cha mita 2.6 au 2.7, sioni sababu. Fedha hiyo ingenunua bodi za nyumba nzima. Lakini kwa madarasa, zahanati na makanisa, ambako dari hufika mita 3 au zaidi na bodi ni nyingi, T inakuwa ndefu na inayumba, na mashine inajilipa. Njia ninayoipenda ni mafundi kadhaa kuchanga na kuimiliki pamoja, na mwenye zamu asiyekuwa na kazi akaikodisha. Dari ikipita mita 3.5 hata mashine ya kawaida haifiki. Hapo jengeni jukwaa la mbao lenye ngazi imara na T fupi zisimame juu ya jukwaa.

Fundi wa kuchomelea akiombwa aunde mashine ya namna hii, na wapo wenye uwezo huo, awekewe sharti moja lisilojadiliwa: winchi iwe na breki inayojishika yenyewe. Ukiachia mpini, mzigo ubaki palepale. Winchi isiyo na breki, au kamba na kapi pekee, hazifai kabisa, kwa sababu mkono ukiteleza bodi inashuka na mpini unarudi kwa nguvu ya kuvunja kiganja. Waya ukaguliwe kila asubuhi. Uzi mmoja ukikatika, waya wote ubadilishwe. Magurudumu yatembezwe juu ya mbao zilizolazwa kama sakafu si laini. Mashine isisukumwe huku kitanda kikiwa juu.

Wengine hutumia nguzo za chuma za kukazia zege, zile za bomba ndani ya bomba zenye pini na nati ya mzunguko, ambazo Mswisi William de Vigier alizianzisha Uingereza katika miaka ya 1930 chini ya jina Acrow. Ni imara mno, na hapo ndipo tatizo lilipo. Nati yake husukuma kwa nguvu ya kuinua zege, na sahani ya juu ni ndogo. Mzunguko mmoja wa ziada unatoboa jipsamu. Kama ndizo ulizonazo, weka juu yake mbao pana, kaza kwa vidole tu, ukiache chuma cha kukazia mfukoni.

Neno kwa wanaokarabati nyumba za zamani, hasa zile zilizojengwa na makampuni enzi za ukoloni. Katika Afrika nzima majengo mengi ya wakati huo yaliwekewa mabamba ya saruji iliyochanganywa na asbesto, kwenye paa na mara nyingine kwenye dari. Bamba la kijivu, gumu, linalokatika kama kigae, lishukiwe. Usilivunje kwa nyundo, usilikate kwa msumeno, usiliangushe. Vumbi lake huingia mapafuni na madhara yake hutokea miaka mingi baadaye. Hapa T hufanya kazi kinyumenyume: ibane kwanza chini ya bamba, lilowanishe kwa maji, ng'oa misumari, kisha lishushe zima, polepole.

Na T ziondolewe lini? Si msumari wa nne ukishaingia, ingawa hapo kila mtu ana hamu ya kuendelea. Kaza mstari wa katikati kwenye kila mbao ya dari, kisha pembe zote, kisha mzunguko wa kingo, misumari ikiachana sentimita 15 hadi 18. Ondoa T ya kwanza kwa kuvuta mguu wake upande ule ule ulioegamia, mkono mmoja ukiwa juu ya mbao ya kichwa. Sukuma bodi kwa kiganja karibu na kila msumari. Ikicheza hata kidogo, irudishe T mahali pake, ng'oa msumari huo, piga mwingine sentimita 5 pembeni, ndipo uende kwenye bodi inayofuata.