Daftari la kijiji lililozaa demokrasia

Oktoba 2018, kwenye minada ya mwanzo ya korosho ya msimu ule, wakulima wa Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, walisomewa bei za wanunuzi, wakazikataa. Mnada wakati huo ulikwenda hivi: kila mnunuzi aliandika bei yake, akaifunga kwenye bahasha na kuitumbukiza ndani ya sanduku. Sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima, barua zikasomwa moja baada ya nyingine: jina la kampuni, tani inazotaka, bei ya kilo. Kisha wenye korosho wakaulizwa. Msimu uliotangulia kilo moja ilifika hata Sh4,000. Safari hii bei zilikuwa chini ya Sh3,000, na jibu likawa hapana. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo, na malori ya Jeshi yakaingia kazini.

Yaliyofuata baadaye, ya uhakiki na malipo yaliyochelewa, yanahitaji makala yake. Kinachonishika mimi ni lile hapana. Watu wasio na cheo chochote walisikiliza hesabu hadharani, wakapima, wakaamua, na nchi nzima ikalazimika kusikia.

Shuleni tulifundishwa kwamba jambo la namna hii, watu wa kawaida kukutana na kuamua, lilianzia Athene ya Ugiriki. Tukaonyeshwa nguzo za marumaru na jina la Pericles. Vijiji hatukuonyeshwa. Nami naamini kwamba bila vijiji vyake Athene ingebaki mji wa matajiri wachache wanaogombea madaraka, kama ilivyokuwa miji mingi ya zama zile.

Hadithi yenyewe inaanza na madeni. Mwanzoni mwa karne ya 6 KK wakulima wadogo wa Attica, nchi inayoizunguka Athene, walikuwa wamekabwa. Aliyekopa aliweka rehani mwili wake. Akishindwa kulipa, yeye na wanawe waliweza kuuzwa utumwani, hata ng'ambo. Mwaka 594 KK Solon alipewa mamlaka ya kusuluhisha, akafuta madeni hayo na kupiga marufuku kukopeshana kwa rehani ya mwili wa mtu. Demokrasia hakuileta, kwani vyeo vikubwa alivibakiza kwa wenye mali. Lakini aliona jambo ambalo mkulima anayeijua kangomba, yaani kuuza korosho kabla ya mavuno, hana haja ya kufundishwa. Mtu aliyebanwa na njaa mwezi wa Februari, akaiuza korosho ya Oktoba kwa bei ya kutupa kabla mti haujatoa hata ua, siku ya mnada hana la kusema. Korosho si yake tena.

Vijiji vikaja na mwanasiasa wa Athene, Cleisthenes, mwaka 508 KK. Attica ilikuwa mikononi mwa koo kubwa, na kila ukoo una watu wake, eneo lake na ugomvi wake. Cleisthenes aliufanya uraia upite kijijini badala ya kwenye ukoo. Vijiji na mitaa ya mji, jumla yake 139, vikawa ndiyo mizizi ya serikali. Kila kimoja kilikuwa na mkutano wake, mwenyekiti wake wa mwaka mmoja na daftari lake. Kijana alipotimiza miaka 18 wanakijiji walikutana wakapiga kura: je, kweli umri umefika, na ni mtoto halali wa raia? Wakiridhika, jina linaandikwa. Asiyekuwa kwenye daftari la kijiji hakuwa na sauti mjini. Vijiji hivyo vikagawanywa katika makabila mapya 10, kila moja likichanganya watu wa pwani, wa bara na wa mjini, ili pasiwe na upande wa kujiona wenye nchi. Kila kabila lilitoa watu 50, na hao 500 ndio waliokuwa baraza la kuandaa ajenda za mkutano mkuu.

Mkutano wenyewe ulifanyika kwenye kilima cha Pnyx. Katika karne ya 4 KK ulikaa mara 40 kwa mwaka, na baadhi ya maamuzi yalihitaji akidi ya watu 6,000. Akidi iliwasumbua Waathene kama inavyowasumbua watendaji wetu wa vijiji. Watu waliganda sokoni wakipiga soga, mpaka watumwa wa serikali wakapewa kamba iliyopakwa rangi nyekundu, waivute wakiwasukuma raia kuelekea kilimani. Aliyeonekana na doa jekundu kwenye vazi lake alijulikana kwamba alikuwa anakwepa. Baadaye, karibu na mwaka 400 KK, wakaanza kulipa posho ya kuhudhuria, maana maskini anayeliacha shamba lake siku nzima anapoteza chakula.

Nyadhifa nyingi zilijazwa kwa kura ya kubahatisha, jina likitoka, umepata. Sababu yao ilikuwa ya watu waliokomaa: uchaguzi humpendelea tajiri, mwenye jina na mwenye ulimi mtamu. Makamanda wa vita waliwachagua, kwa kuwa vita vinataka ujuzi. Na yeyote aliyeshika wadhifa, muda wake ulipokwisha, alisimama kukaguliwa fedha zilizopita mikononi mwake, na raia yeyote aliweza kumshitaki. Mwaka 462 KK mwanasiasa Ephialtes akalinyang'anya baraza la wakubwa la Areopago sehemu kubwa ya madaraka yake, Areopago ileile ambako karne tano baadaye Mtume Paulo alisimama kuhubiri, na madaraka hayo yakahamia kwa mkutano, baraza la watu 500 na mahakama za wananchi.

Doa lake ni kubwa na halifichiki. Wanawake hawakuwamo. Watumwa hawakuwamo, wala wageni, hata waliozaliwa Athene. Mwaka 1961, katika andiko lake kuhusu Mwafrika na demokrasia, Mwalimu Nyerere aliligusa doa hilohilo: kwa Wagiriki wa kale demokrasia ilikuwa serikali ya majadiliano, lakini si watu wote walioshiriki; waliojadiliana ndio waliokuwa sawa, na wanawake na watumwa waliachwa nje. Ndiyo maana yeye alishikilia mambo mawili kwa pamoja, majadiliano na usawa, akawataja wazee wa Kiafrika wanaozungumza mpaka wakubaliane.

Uwanda wa Makonde, ziliko Newala na Tandahimba zilezile, nao una ushahidi wake. Wamakonde hawakuwa na mfalme. Kila chirambo, yaani eneo la makazi, lilikuwa na mkulungwa wake, na amri yake haikuvuka mpaka. Asiyeridhika naye aliweza kuondoka na watu wake, akafyeka msitu kwingine na kuanza upya. Wajerumani walipokuja wakaweka maakida na majumbe. Waingereza nao wakataka kutawala kupitia machifu, na kwenye uwanda huu wakahangaika, kwa kuwa chifu wa kumtafuta hakuwapo. Mwishowe wakategemea maliwali wa kuteuliwa. Msomi wa Kimarekani J. Gus Liebenow, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya Wamakonde na utawala wa kikoloni, aliieleza habari hii kwa kirefu. Nikiisoma naona watu waliozoea kukubali uongozi kwa hiari, na kuuhama uongozi wasioutaka.

Kijiji cha sasa kilikuja kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa wingi wa vijiji vya ujamaa, na vita vya ukombozi ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji, vilikuwa sababu mojawapo ya kuwakusanya watu. Si wote walioulizwa. Lakini ndani ya kijiji hichohicho sheria ikaja kuweka kitu ambacho Cleisthenes angekitambua. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na ndicho chombo cha juu katika sera za kijiji. Unachagua halmashauri ya kijiji na unaweza kuiondoa. Unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri kugawa ardhi kabla mkutano haujaridhia.

Hayo si madaraka madogo. Bungeni tunawatuma watu watusemee. Kijijini sheria inatuita wenyewe. Kwa hiyo naumia ninapoona tunashughulika na kijiji mara moja tu katika miaka mitano. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wakapita bila kupingwa, na chama tawala, CCM, kikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Novemba 2024 ushindi ukafanana na ule. Mabishano juu ya chaguzi hizo ni ya haki na yaendelee. Lakini mkutano wa robo mwaka hauna mgombea wa kuenguliwa: ukiwa na miaka 18 na unaishi pale, umo. Usipoitishwa, una haki ya kuudai. Hesabu zisiposomwa, una haki ya kusimama na kuuliza salfa ya mikorosho ilikwenda kwa nani na ushuru wa kijiji umelipia nini.

Na mama ana haki ileile. Athene ilimfungia nje. Sheria yetu inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Kwa Wamakonde, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, robo naiona ni ndogo mno.

Kitangari, huko Newala, kuna chuo cha ualimu. Walimu wanaotoka pale wanakwenda kufundisha watoto kwamba demokrasia ilianza Ugiriki, na watoto wanakariri kwa ajili ya mtihani. Ombi langu kwa walimu hao ni moja: mkutano wa kijiji ukiitishwa, wapelekeni wanafunzi wakakae pembeni na daftari, waandike nani aliuliza nini, nani alijibu, na hesabu ipi ilisomwa. Kipindi cha siku inayofuata kianzie hapo, Solon na Cleisthenes wafuate.