Bunduki kuukuu za vita: bei juu, maghala yanakauka

Mwaka 2010 hivi, Mmarekani mpenda shabaha alikuwa akiingia dukani na noti ya dola 100 na kutoka na bunduki aina ya Mosin-Nagant, singe yake, pochi za risasi na chenji kidogo. Bunduki hiyohiyo, kutoka kiwanda kilekile cha Izhevsk au Tula, ikiwa bado imepakwa grisi ya kahawia ya ghalani, leo inauzwa dola 300 hadi 500. Ile ambayo namba zake zote zinalingana hupita hapo bila mnunuzi kubisha. Hakuna kilichoongezwa kwenye bunduki. Makontena ndiyo yamekoma kuja.

Hiyo ndiyo hali ya biashara ya silaha zilizostaafishwa na majeshi ya zamani, zinazonunuliwa na raia ili kukusanywa na kupigwa shabaha siku za mapumziko. Inafanyika Uswisi, Uingereza, Sweden, Canada, lakini soko linalopanga bei ya dunia ni la Marekani. Na katika soko hilo, muuzaji na mnunuzi hukutana wakati bei imeshapangwa na watu wengine: yule anayegonga mhuri wa kibali, yule anayetia saini vikwazo, na yule anayeamua kama ghala fulani liuzwe au lipelekwe tanuruni.

Mali yenyewe ilizalishwa kwa wingi wa kutisha. Urusi na baadaye Muungano wa Kisovyeti, pamoja na nchi chache nyingine, zilitengeneza Mosin-Nagant takriban milioni 37 tangu 1891. Lee-Enfield za Waingereza, zile ambazo babu zetu walizibeba hadi Burma katika Vita vya Pili, zinakadiriwa kuwa milioni 17 kwa aina zake zote. M1 Garand za Marekani zilizidi milioni 5. Majeshi yalipohamia kwenye silaha za otomatiki, milima hiyo ya chuma na mti ikabaki maghalani, na katika miaka ya 1950 na 1960 Wamarekani walikuwa wakiiagiza kwa posta. Carcano ya Kiitaliano iliyomuua rais wa nchi hiyo mjini Dallas mwaka 1963 iliagizwa hivyo, pamoja na darubini yake, kwa dola 19.95 bila gharama ya kuituma.

Sheria ya 1968 ikafunga posta na ikazuia uagizaji wa silaha za kijeshi kuukuu. Mwaka 1984 mlango ukafunguliwa tena kwa zile zinazohesabiwa kuwa za kale, yaani zilizopita miaka 50 tangu zitengenezwe. Mkusanyaji akalipa dola 30 kwa leseni ya miaka mitatu na bunduki zikamfuata hadi nyumbani kwake. Kisha Muungano wa Kisovyeti ukavunjika, na nchi zilizohitaji fedha za kigeni zikafungua maghala. Neema ilidumu karibu miaka 20.

Mfanyabiashara mmoja wa kusini mwa Marekani, aliyeanza kuuza bunduki hizi neema hiyo ilipokuwa kileleni, haoni kama soko ndilo lililomwangusha. Malalamiko yake ni marefu na anayatoa kwa mpangilio wa mtu aliyeyarudia mbele ya maofisa wengi. Mwagizaji, anasema, hulipa fedha mbele kwa serikali ya ng'ambo, hukodi ghala, huajiri watu wa kuhesabu, kisha husubiri kibali ambacho kinaweza kubatilishwa mzigo ukiwa bado haujapanda meli. Kwa silaha iliyotengenezwa katika nchi iliyo kwenye orodha ya wasiotakiwa, kama China, hata miaka 50 haitoshi. Lazima ithibitishwe kwamba imekaa miaka mitano mfululizo katika nchi isiyo kwenye orodha hiyo. Anauliza ni karani gani wa ghala la jeshi, katika nchi iliyobadilisha serikali mara kadhaa, atakayetia saini karatasi ya namna hiyo.

Halafu kuna alama. Kila bunduki inayoingia Marekani hugongwa jina la mwagizaji na nchi ilikotoka, juu ya chuma chenyewe. Kwa mpiga shabaha si neno. Kwa mkusanyaji ni kovu, naye hukata bei papo hapo. Mfanyabiashara huyo anadai kwamba kwa alama hiyo serikali humlazimisha kuishusha thamani mali yake kabla hajaiuza. Hoja ina ukweli, ingawa asilolitaja ni kwamba alama hiyohiyo humsaidia mnunuzi kujua bunduki iliingia kwa njia halali.

Kinachomkera zaidi ni M1 Garand, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Garand nyingi zilizosambaa duniani zilitolewa na Marekani yenyewe kwa marafiki zake wakati wa Vita Baridi. Kwa sababu hiyo, kuzirudisha kunahitaji ridhaa ya pekee ya Washington. Korea Kusini ilipotaka kuziuza kwa wakusanyaji wa Kimarekani, taarifa za wakati huo zilitaja Garand takriban 87,000 na karabaini za M1 zaidi ya 770,000. Ridhaa ilitolewa, kisha mwaka 2010 ikazuiwa. Mwaka 2013 maofisa wa Washington wakatangaza kwamba maombi ya watu binafsi ya kurudisha silaha za aina hiyo yatakataliwa, isipokuwa machache kama ya majumba ya makumbusho. Lengo lililotajwa lilikuwa kuziondoa silaha za kijeshi mitaani.

Takwimu iliyobeba tangazo hilo ilikuwa moja: tangu 2005, serikali ilikuwa imeidhinisha kurudishwa kwa silaha zaidi ya 250,000. Namba ni kubwa na ilinukuliwa kila mahali. Lakini inahesabu vibali. Haisemi ni bunduki ngapi zilifika bandarini, ngapi ziliuzwa, wala ngapi zilikutwa mikononi mwa mhalifu, na hilo la mwisho ndilo lililopaswa kuwa msingi wa uamuzi. Garand ina urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa zaidi ya kilo nne. Hushika risasi nane, zinazoingizwa kwa juu zikiwa zimeshikwa na kibanio kimoja cha chuma kinachorushwa nje kwa mlio risasi zikiisha. Anayepanga kuvamia duka hawezi kuificha chini ya koti. Kwa karabaini mambo ni tofauti: ni fupi, nyepesi, na kibweta chake cha risasi 15 au 30 huchomolewa na kubadilishwa upesi. Wasiwasi juu yake unaeleweka. Kuzifunga zote mbili katika namba moja kulirahisisha tangazo na kuficha tofauti hiyo.

Kisha serikali hiyohiyo ikarudisha Garand kwa mkono wake mwingine. Takriban 86,000 kutoka Ufilipino na 13,000 kutoka Uturuki zilirejeshwa na jeshi, zikapelekwa kwa shirika moja lililoundwa kwa sheria ya 1996 ili kukuza ulengaji shabaha, lenye maghala Alabama na Ohio. Humo zinapangwa kwa madaraja na kuuzwa kwa raia. Miaka 15 iliyopita Garand ya daraja la kati ilikuwa na bei ya chini zaidi kwenye shirika hilo. Sasa inakaribia dola 1,000. Bunduki ni aina ileile, wanunuzi ni walewale. Kama iliyotoka Seoul ni hatari mtaani na iliyotoka Manila ni urithi wa taifa, wenye maamuzi wanadaiwa maelezo ambayo mpaka sasa hawajayatoa kwa ukamilifu.

Kwa Waswahili walioko huko, kuna sharti linalowakwaza wengi. Shirika hilo huuza kwa raia wa Marekani tu, aliye mwanachama wa klabu inayotambuliwa na mwenye ushahidi kwamba amewahi kushiriki ulengaji shabaha. Mwenye kadi ya kijani anaweza kununua bunduki katika duka la kawaida kwa kufuata sheria, lakini kwa shirika hilo anasubiri uraia.

Milango ya Mashariki imefungwa kwa sababu nyingine. Silaha za China zilizuiwa mwaka 1994. Na Urusi yalifikiwa mwaka 1996 makubaliano yaliyoorodhesha ni aina zipi zingeruhusiwa kuingia. Pigo lililoumiza mifuko ya wapiga shabaha lilikuja Septemba 2021, vikwazo vilipozuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Kirusi. Mosin hula risasi kubwa ya milimita 7.62 yenye ukingo, na risasi hiyo ndiyo iliyoufanya mchezo huu kuwa wa watu wa kipato cha kawaida. Kopo la bati lililozibwa kiwandani, lenye risasi 440, lilikuwa likiuzwa kwa wastani wa senti 20 kwa risasi. Mpya za kutoka viwanda vya Ulaya sasa huuzwa karibu dola moja kila moja, na pengine zaidi. Mtu aliyezoea kupiga risasi 100 kila Jumamosi anatumia siku moja fedha zilizomtosha mwezi.

Unafuu huo wa zamani nao ulikuwa na gharama yake. Fataki za risasi kuukuu za kijeshi huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hunywa unyevu wa hewa. Mtutu usiooshwa jioni hiyohiyo, kwa maji ya moto, kisha kukaushwa na kupakwa mafuta, huanza kuota kutu mapema sana. Ndiyo maana wanunuzi wazoefu hawaanzi na kitako kilichong'arishwa. Wanamulika mtutu kwa tochi waone kama mifereji bado ina kingo kali. Wanachukua risasi moja, wanaiingiza kwa ncha kwenye mdomo wa mtutu, na wanatazama inazama kiasi gani. Ikizama hadi karibu ganda liguse chuma, mdomo umelika na shabaha itatawanyika. Kisha namba: za komeo, za mwili, za bamba la kitako. Zikiwa zimegongwa upya kwa mwandiko tofauti, bei ishuke au mnunuzi aondoke.

Bunduki ya K31 ya Uswisi ina siri yake nyingine. Chini ya bamba la chuma la kitako, mara nyingine hupatikana kikaratasi chenye jina na anwani ya askari aliyekabidhiwa bunduki hiyo. Kuna wanunuzi waliowahi kuwaandikia wazee hao barua. Bunduki hizi zilikuwa zikipatikana Marekani kwa dola 100 hadi 150 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zilitengenezwa karibu nusu milioni tu, na hakuna nyingine zinazotengenezwa.

Chimbuko moja lililowapa wauzaji matumaini miaka ya karibuni liko jirani yetu, Ethiopia. Carcano zilizotekwa kwa Waitaliano, Mauser zilizonunuliwa Ubelgiji katika miaka ya 1930, na hata Vetterli za karne ya 19 ziliondoka huko zikavuka bahari. Hali yake ilikuwa ngumu: kutu, mitutu iliyolika, vitako vilivyopasuka na kuzibwa kwa misumari na vipande vya bati. Wakusanyaji wa Marekani waligawanyika, wengine wakiona takataka, wengine wakiona historia ya vita ya Afrika ambayo hawakuwahi kuishika mkononi. Mfanyabiashara aliyetajwa hapo juu yuko upande wa kwanza. Mwandishi wa makala hii anaona amekosea: bati lile lililopigiliwa na fundi wa Kihabeshi ni ushahidi wa matumizi, na soko limeshaanza kulilipia.

Nchi nyingine za ukanda wetu zimechagua tanuru. Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazihimiza nchi wanachama kuteketeza silaha za ziada, na mwezi Novemba 2016 Kenya ilichoma bunduki 5,250 huko Ngong. Waagizaji wa Marekani huyasikia hayo kwa uchungu. Lakini hapa silaha inayotoroka ghalani huishia kwenye wizi wa mifugo na vijiji kukimbiwa, na hesabu ya dola kwa kila bunduki haiwezi kuwekwa sawa na hiyo. Wanaolalamika kuhusu Ngong wanaitazama kutoka mbali mno.

Uingereza soko ni dogo na limetulia. Tangu 1988 raia hawaruhusiwi bunduki kubwa zinazojipakia zenyewe, hivyo Garand ya kawaida haimilikiwi kwa shabaha. Lee-Enfield ya kuvuta komeo kwa mkono inaruhusiwa kwa cheti cha polisi na sababu ya kueleweka, kwa kawaida uanachama wa klabu. Kupanda kwa bei huko kumekuwa kwa polepole.

Kuhusu mbele, wauzaji hawakubaliani, na wengi wao wana mali ya kuuza, kwa hiyo utabiri wao upimwe kwa kadiri hiyo. Wapo wanaodai bei imefika kikomo kwa sababu vijana hawawezi kumudu risasi. Hilo linawezekana kwa Mosin. Kwa K31, Mauser za Sweden na Garand nzima, dalili zinaelekea juu, kwani zinazovunjwa vipuri na kukatwa vitako hupunguza idadi ya zilizo kamili kila mwaka. Siasa ikibadilika Washington, mlango wa Korea unaweza kufunguliwa, na Garand ikashuka bei ghafla. Waliolipa dola 1,500 kwa moja watapata hasara. Kwa Mosin hakuna mlango wa namna hiyo unaoonekana. Shehena zilizokuwa zikitazamiwa kutoka Ukraine hazihesabiki tena, kwa sababu ya vita: tangu 2022 baadhi ya bunduki za aina hiyo zimepigwa picha mstari wa mbele huko Donetsk, mikononi mwa wapiganaji waliogawiwa silaha iliyosanifiwa mwaka 1891.