Safari ya mto: kununua nini Barumbu, na namna gani

Balenieri ikikaribia Barumbu, mitumbwi inatoka ukingoni mbele hata hamjaona nyumba. Wanapiga kasia kwa nguvu, wanajishika kwenye ubavu wa chombo, na soko linaanza palepale juu ya maji: samaki ya moshi, mafuta ya mawese kwenye bidoni, kwanga, ndizi, mikeka, viti vya kekele. Chombo hakisimami. Mwenye mtumbwi atajifungua mbali kidogo na kurudi kwake kwa kasia, awe ameuza ao hajauza.

Wachimbaji wengi wa dhahabu na diama wanaoteremka kutoka Kisangani kwenda kuona jamaa wanajua soko hilo. Makuta iko mfukoni, watoto nyumbani wanangojea zawadi. Na pale njo tunapenda kuongea nanyi kidogo.

Yule mama wa mtumbwi hana wakati. Kila dakika inamsukuma mbali na kijiji chake, na abiria wanajua. Mnunuzi anakaa kimya, anaangalia mbinguni, mpaka mama mwenyewe anasema: « Basi papa, leta ile uko nayo. » Watu wanaita hiyo akili ya biashara. Lakini nani anajua mchezo huo kuliko mchimbaji? Mnunuzi wa mawe anafika kwenye shimo siku chakula kimeisha, anageuza jiwe lako kwenye mwanga, anasema liko na doa, kisha anangojea. Usiku mnalala mkimlaani. Sasa mwenzenu ni huyu mama.

Kadiri unavyokuwa mbali na Kisangani, bei inashuka yenyewe, kwa sababu huko soko ni dogo na usafiri ni shida. Faida yako iko tayari ndani ya bei anayotaja. Kupunguza kidogo ni desturi, hata yeye anangojea hivyo. Kumkaba shingo ni jambo lingine. Beba vilevile chumvi na sabuni: siku zingine zinapendwa kuliko franga.

Samaki, usimnunue kwa macho tu. Vunja mmoja kwenye mgongo. Akiwa laini ndani, na unyevunyevu, wadudu watammaliza mbele ufike. Mkavu kabisa anakatika kwa sauti. Msifunge samaki katika mfuko wa plastiki, ataota ukungu. Kikapu na majani ni bora, na mkifika mumrudishe juu ya moshi usiku mmoja ao miwili. Kwa mafuta, omba kijiko na moto. Yakipiga kelele na kuruka, kuko maji ndani. Kiti cha kekele kikidondosha unga mweupe, mdudu ameisha kuingia, kiache.

Kuko vitu vingine ambavyo mtu atakuletea kwa siri, chini ya turubai: kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, pembe ya tembo, ngozi ya chui ao ya okapi. Hapana. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na ile ya kulinda asili ya tarehe 11 Februari 2014 zinalinda wanyama hawa. Kuhusu kasuku huyo, mataifa yaliyokutana Johannesburg mwaka 2016 yalikataza biashara yake kati ya nchi na nchi. Mchimbaji anaelewa haraka: sawa vile dhahabu bila karte inakuletea matata njiani, kasuku katika kikapu ni matata yenye mabawa. Makuta ya miezi mitatu ya shimo inaweza kuishia kwenye kizuizi kimoja.

Kama mnataka kitu cha kubaki nyumbani miaka mingi, sisi tungechagua ngoma ya Lokele, ile ya gogo lililochimbwa ndani, yenye mdomo mrefu juu. Kingo zake mbili hazilingani unene, ndiyo maana moja inatoa sauti ya juu na nyingine ya chini, na kwa sauti hizo mbili wazee walikuwa wanatuma habari kijiji hadi kijiji. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu, alijifunza kuipiga na kutoa kitabu juu yake mwaka 1949. Siku hizi simu imechukua kazi hiyo, na wachongaji wanapungua.

Wakikuonyesha moja, piga kingo zote mbili. Sauti zikiwa sawa, ni pambo tu, bei yake isiwe ya ngoma. Angalia pia miisho ya gogo: mti ambao haujakauka unaanza kupasuka pale. Mkifika nyumbani, msiiweke juani wala karibu na jiko; iache kivulini majuma kadhaa, kisha mpe babu aipige kwanza.