Mashine ya kuoshea vyombo inapofurika: Chunguza haya kabla ya kumlaumu mtu

Maji yanayofurika kutoka kwenye mashine ya kuoshea vyombo yanaweza kuharibu sakafu, kuvujia dari ya jirani wa ghorofa ya chini na kuhatarisha maisha ya aliyeko jikoni. Aghalabu lawama humwangukia mfanyakazi wa nyumbani, ilhali chanzo huenda kiko ndani ya mashine au kwenye tangi la paa.

Kata umeme kwanza

Umeme wa majumbani Afrika Mashariki ni wa volti 220 hadi 240, kiwango kinachoweza kumuua mtu aliyekanyaga maji. Usichomoe plagi ukiwa umesimama kwenye dimbwi. Zima swichi kuu, mradi iko mahali pakavu.

Kisha tega sikio. Iwapo maji yangali yanaingia ingawa umeme umekatika, valvu ya kuingizia maji imekwama ikiwa wazi. Iwapo yamekoma, yaelekea tatizo liko kwingine. Kwa vyovyote vile, funga koki inayolisha mashine.

Ni maji au ni povu?

Sabuni ya kuoshea vyombo kwa mkono haifai katika mashine. Maji yanaporushwa kwa nguvu, sabuni hiyo huumuka povu linalopenya hadi nje ya mlango. Sabuni ya mashine hutengenezwa ili isitoe povu jingi. Acha povu litulie, lichote, kisha endesha mashine ikiwa tupu bila sabuni mpaka maji yawe safi. Kosa hili huondolewa kwa maelekezo, si kwa kukata mshahara: huenda maandishi ya kwenye pakiti yako katika lugha ambayo mtumiaji haisomi.

Kichujio, mpira na boya

Ikiwa hakuna povu, toa kichujio kilichoko chini ya mashine ukioshe kwa brashi laini. Mabaki ya wali, mbegu na vipande vya mifupa huziba njia ya maji machafu. Hakikisha pia kwamba mpira wa kutolea maji haujakunjika, na kwamba umeinuliwa juu kabla ya kuteremka kwenye bomba la sinki. Ukilala chini, maji machafu ya sinki yanaweza kurudi ndani ya mashine.

Katika mashine nyingi kuna boya dogo la plastiki linalopanda pamoja na maji na kuamuru yasiendelee kuingia. Liinue na kuliachia kwa kidole. Likikwama kwa mafuta au uchafu, mashine haitambui kwamba imejaa.

Tangi la paa

Jambo moja husahaulika katika majengo yanayotegemea matangi. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa msukumo wa takriban bar 1. Nyumba iliyo mita 3 tu chini ya tangi hupata bar 0.3, ilhali baadhi ya mashine huhitaji bar 0.5 au zaidi. Msukumo ukiwa hafifu, valvu inaweza kushindwa kujifunga barabara, na maji yakaendelea kuingia polepole hata mashine ikiwa imezimwa. Mchanga unaokuja na maji baada ya mgao nao huweza kunasa ndani ya valvu.

Kwa hiyo, funga koki kila baada ya kuosha, na safisha chujio dogo lililoko mahali mpira wa maji unapoungana na mashine.

Wakati wa kumwita fundi

Ikiwa valvu haijifungi, au maji yameonekana chini ya mashine karibu na nyaya, usiiwashe tena. Mweleze fundi iwapo maji yalikoma umeme ulipokatwa. Jibu hilo litampunguzia kazi ya kubahatisha, nawe litakupunguzia gharama.