Mganda si Pambo la Mapokezi

Tulisimama pembeni mwa uwanja mmoja hapa Mbeya, tukikitazama kikundi cha mganda kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa kikiingia kwa mistari: nguo nyeupe, viatu vilivyong'arishwa, sauti za vibuyu zikijibizana na ngoma kubwa. Hazikupita dakika tano, wakaamriwa wakae. Mgeni wa heshima alikuwa amewasili, na hotuba ndefu zilikuwa zikisubiri.

Ndugu zetu wa visiwani wataufahamu uchungu huo. Nani angethubutu kuwakatiza watu wa Makunduchi katikati ya Mwaka Kogwa, wanaume wakichapana kwa migomba?

Mganda ni mjukuu wa beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikasambazwa bara na askari wa vita vya 1914 hadi 1918. Marini na Arinoti walishindana kwa sare na vyeo, wakiigiza, na pengine wakikebehi, majeshi ya wakoloni.

Tunawaomba maofisa utamaduni wawape wachezaji hawa saa yao kamili, na posho siku hiyo hiyo. Wale tuliowaona walirudi stendi kwa miguu, vibuyu kwapani.