Kwa nini bati la alumini hupasuka kwenye kona?

Chukua waya wa alumini, ukunje, ukunjue, ukunje tena palepale. Mwanzoni unakubali kirahisi. Baada ya mara kadhaa unakuwa mbishi, halafu tak! unakatika. Ndicho kinachomkuta fundi wa Tabata anapokunja bati gumu la alumini kutengeneza trei ya kuokea: kona inapasuka, na hela ya bati imekwenda. Atasema ameuziwa feki. Mara nyingi wala siyo feki, ni gumu tu.

Ugumu huo umetoka kiwandani, bati lilipopitishwa likiwa baridi kati ya rola nzito ili liwe jembamba. Atomu za alumini zimejipanga kwa safu, na safu hizo zina kasoro ndogondogo. Metali hukunjika kwa sababu kasoro hizo zinasogea. Rola zikikandamiza, kasoro zinazaliana mpaka zinazibiana njia, kama daladala na bodaboda kwenye foleni ya jioni.

Tazama aloi ya 3003, yenye manganizi kidogo, inayotumika sana kwa sufuria. Ikiwa laini huhimili mvuto wa megapaskali 110 hivi, na hurefuka kama asilimia 30 kabla ya kukatika. Ikikandamizwa hadi ugumu uitwao H18, nguvu inafika 200, lakini kurefuka kunashuka hadi asilimia 4 hivi. Hapo kona kali utaikunjaje?

Dawa ni moto. Kwenye nyuzi 350 hadi 400 za Selsiasi, chembe mpya zisizo na msongamano huota ndani ya metali, na ulaini unarudi. Shida ni kwamba alumini haikuonyeshi wekundu kama chuma. Ukisubiri iwe nyekundu, itayeyuka kwenye nyuzi 650 hivi. Mafundi wana ujanja wao: paka sabuni ya mche, pasha taratibu, sabuni ikigeuka nyeusi ondoa moto. Ukizidisha, chembe hukua mno na mkunjo unatoka na vipele kama ganda la chungwa.

Ila angalia unachopasha. ALAF ya Barabara ya Nyerere kirefu chake ni Aluminium Africa, lakini mabati mengi ya paa siku hizi ni chuma kilichopakwa alumini na zinki. Weka sumaku kwanza. Ikinata, usilipashe: moshi wa zinki unaleta homa.