Beste akikuomba nambari ya SMS, mpigie kwanza

Unapata meseji ya WhatsApp kutoka kwa beste wako: “Niaje, kuna nambari nimetuma kwa simu yako kimakosa. Nirushie chap chap.” Unafungua SMS, unaona tarakimu 6, unamtumia. Dakika chache baadaye umefungiwa nje ya akaunti yako, na mamako anaombwa pesa kwa jina lako.

Aliyekuandikia si beste wako. Akaunti yake ilitekwa kitambo. Tapeli alijaribu kufungua WhatsApp kwa nambari yako, nayo ikakutumia tarakimu hizo kuthibitisha kuwa ni wewe. Ukizipeana, umempa ufunguo.

Jikinge leo. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, fungua sehemu ya akaunti, kisha uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Utajiwekea PIN ya tarakimu 6. Hata tapeli akipata ile nambari ya SMS, atakwama kwenye PIN. Usiweke 123456 wala tarehe yako ya kuzaliwa.

Umeshanaswa? Sajili nambari yako upya kwenye WhatsApp. Ukiingiza tarakimu mpya utakazotumiwa, tapeli atatolewa. Kisha waarifu jamaa na mabeste wasitume hata bob.